Mtaa Usio na Wakaazi Haujahifadhiwa

Kuna kauli imeenea miongoni mwa watu wa pwani yetu wanaokwenda na kurudi Dubai. Utaisikia kwa wafanyabiashara wanaofunga mizigo Deira, kwa maofisa waliopelekwa ziara za mafunzo, na hata kwa vijana wanaoongoza watalii Forodhani: wenzetu wanajua kuhifadhi. Mgeni huvuka hori la Dubai kwa mashua ya abra, akalipa dirhamu moja, akashuka upande wa Bur Dubai na kutembea hadi mtaa wa Al Fahidi, ambao kwa miaka mingi uliitwa Bastakiya. Hukuta vichochoro vimefagiwa, kuta zimesiribwa vizuri, minara ya upepo imesimama, milango ya msaji inang'aa. Hakuna nguo zilizoanikwa wala moshi wa jikoni. Akirudi Zanzibar, Lamu au Mombasa akaona dari ya nyumba ya kale inavuja na baraza imemeguka upande mmoja, hukumu yake huwa tayari mdomoni: tatizo letu ni watu wanaokaa humo.

Niieleze hoja hiyo kwa nguvu zake zote, maana wanaoisema si wajinga. Nyumba ya mawe ya matumbawe ni ghali kuitunza. Mkaazi wa kipato kidogo hana fedha za chokaa wala boriti. Akibahatika kupata kidogo, hununua saruji, na saruji hulizuia jiwe la kale kutoa unyevu wake hadi ukuta ukamumunyuka kwa ndani. Akikosa kabisa, huiacha nyumba ivuje. Warithi nao ni ishirini na kila mmoja ana lake. Basi, wanasema, serikali iwafidie watu na kuwahamishia penye nafasi, ilete mafundi, kisha nyumba zigeuzwe makumbusho, kumbi za sanaa, mikahawa na hoteli ndogo ambazo mapato yake yatalipia matengenezo. Dubai ilifanya hivyo na kuta zimesimama. Sisi hatukufanya, na kuta zinaanguka.

Ni kweli saruji inaharibu, na ni kweli warithi hugombana. Hata hivyo hoja nzima ni potofu, na ikifuatwa kwetu itatuachia kuta nzuri zisizo na mji ndani yake. Mtaa wa makaazi ni watu wanaokaa, pamoja na ujuzi wa kukaa humo. Ukiwaondoa hao, kilichobaki ni majengo, na hata majengo hayo hayakuokolewa kwa njia ambayo wasifiaji wanadhani.

Kwanza: mtaa ule uliokolewa kutoka mikononi mwa nani?

Bastakiya ilijengwa na watu waliohama. Wafanyabiashara wa Bastak, mji wa bara kusini mwa Uajemi, walikuwa wakifanya biashara zao kupitia bandari ya Lingeh. Ushuru ulipopandishwa huko mwanzoni mwa karne ya 20, mtawala wa Dubai, Sheikh Maktoum bin Hasher, aliwafungulia bandari isiyo na ushuru. Wakavuka na familia zao, wakapewa nafasi kando ya hori, wakajenga nyumba kama walivyozijua kwao. Umeme ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mafuta yalipogunduliwa mwaka 1966, jamaa hao walianza kuhamia nyumba mpya pembezoni mwa mji, zenye bustani, gereji na viyoyozi.

Sasa ifike miaka ya 1980. Nusu hivi ya mtaa huo ilibomolewa ili kupisha majengo ya Diwani, yaani ofisi za mtawala. Aliyeibomoa ni yuleyule anayesifiwa leo kuwa mlinzi wake: mamlaka ya mji. Nusu iliyobaki nayo ilipangiwa kubomolewa mwaka 1989. Aliyesimama kuizuia alikuwa Rayner Otter, msanifu majengo Mwingereza aliyekuwa akiishi mtaani humo katika nyumba ya mnara wa upepo aliyoitengeneza mwenyewe. Alifanya kampeni, akamwandikia Charles, mrithi wa kiti cha Uingereza wakati huo, na Charles alipozuru Dubai mwaka huohuo akautembelea mtaa na kushauri usibomolewe. Ubomoaji ukasimamishwa. Kitengo cha manispaa cha kushughulikia majengo ya kihistoria kiliundwa mwaka 1991, baada ya nusu ya mtaa kwisha kugeuka kifusi.

Wanaosema mkaazi ndiye adui wa jengo la kale wanalo la kujibu hapa. Mfano wao mkuu, wanaoutaja kila mkutano, uliokolewa na mkaazi. Kama Otter angekuwa amekwisha kuhamishwa kwa manufaa ya hifadhi, pasingekuwa na mtu wa kuandika barua. Na Charles asingeingilia, hao wanaorudi na picha leo wangekuwa wanapiga picha maegesho ya magari.

Pili: wanaolaumiwa kwa uchakavu hawakuwa na hati

Baina ya kuondoka kwa matajiri na kuja kwa mafundi wa manispaa kuna kipindi ambacho kauli hii hukipita haraka. Nyumba zilipangishwa kwa wafanyakazi kutoka India, Pakistani na Bangladesh. Walilala wengi katika chumba kimoja, wakazigawa kumbi kwa mbao, wakapikia uani. Nyumba nyingine zilifanywa maghala. Kwa macho ya mpiga picha, huo ulikuwa uharibifu.

Lakini tumuulize mwenye nyumba. Yeye alipokea kodi mwezi baada ya mwezi. Ukuta ulipopasuka hakuuziba, kwa sababu kiwanja kile kilikuwa kinasubiri kubomolewa, na nani atatia jasi kwenye ukuta wenye miaka miwili ya kuishi? Mpangaji hakuwa na mkataba wa kumhakikishia kwamba akiitengeneza dari ataendelea kukaa chini yake. Kumlaumu mtu huyo kwa uchakavu wa nyumba ni kumlipisha deni la mwingine. Tena kwa miaka ile ambayo hakuna aliyezitaka, nyumba hizo zilibaki na maana kwa sababu yeye alikuwamo. Nyumba iliyofungwa kabisa, isiyo na mtu wa kusikia mbao ikilia usiku, huanguka upesi kuliko yenye watu kumi.

Ukarabati ulipoanza, watu hao waliondoka. Historia anayosimuliwa mgeni leo ni ya lulu, majahazi, kahawa na ukarimu, kisha inarukia kwenye sanaa na maonyesho. Kipindi cha kati, cha watu walioijenga Dubai ya barabara na maghorofa huku wakilala chini ya minara hiyohiyo ya upepo, hakina nafasi katika simulizi hilo. Hiyo ni gharama, ingawa haikuandikwa kwenye hesabu za mradi.

Na si wao peke yao. Tangu mwaka 2012 mtaa unaitwa rasmi Al Fahidi, kwa jina la ngome ya jirani iliyojengwa mwaka 1787. Jina la mji wa Kiajemi ambao waanzilishi walitoka limebaki midomoni mwa wazee na kwenye ramani za zamani. Mtaa wa wahamiaji ulihifadhiwa, na kumbukumbu ya uhamiaji ikafifishwa.

Tatu: nyumba ile haijui kujiendesha

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu wasifiaji wengi huutazama mnara wa upepo kwa nje tu.

Mnara huo, barjili kwa wenyewe, uko wazi pande zote nne. Ndani yake kuna kuta mbili nyembamba zinazokatana kwa mshazari, zikiugawa kuwa mifereji minne inayoshuka. Upepo ukija kutoka upande wowote hunaswa na mfereji mmoja na kushushwa hadi chumbani, na hewa ya moto hupandia mfereji wa upande wa pili na kutoka. Chini ya mnara ndipo familia ilipojilaza wakati wa mchana mkali. Vichochoro navyo vilielekezwa kwenye hori ili vivute upepo wa maji, vikafanywa vyembamba ili ukuta huu uupe kivuli ukuta ule. Jiwe la tumbawe lina vitundu vingi vya hewa ndani yake, na joto la nje hulipenya polepole.

Dari zilibebwa na boriti zetu. Msumbufu anayedai kwamba hatuna lolote la kuwafunza watu wa Ghuba aangalie juu akiingia mle. Wajenzi wa Ghuba hawakuwa na miti, wakategemea mikoko ya Rufiji na Lamu. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti hadi juu ya sitaha. Mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait mwaka 1938 na 1939 hadi ndani ya delta ya Rufiji, akaona mabaharia wakiingia matopeni kukata na kubeba miti hiyo. Ameyaeleza katika kitabu chake Sons of Sinbad. Urefu wa mti wa mkoko ndio uliopanga upana wa chumba, Lamu kwetu na Dubai kwao. Ndiyo maana vyumba vya pwani zote mbili ni virefu na vyembamba.

Lakini nyumba ya namna hiyo haifanyi kazi bila mikono. Lazima awepo mtu wa kuuziba mnara baridi ikiingia na kuufungua joto likirudi, wa kufunga madirisha upepo wa shamali unapoleta vumbi, wa kumwaga maji uani jioni, wa kupandisha magodoro juu ya paa usiku. Lazima awepo anayejua mlango upi uachwe wazi ili upepo upite. Ujuzi huo haukuandikwa popote kwa sababu kila mtoto aliyelelewa humo aliujua. Ulitoka na familia, na ukarabati haukuurudisha. Kumbi za maonyesho na mikahawa iliyomo sasa hupozwa kwa viyoyozi, na mnara umekuwa pambo. Ukishakuwa pambo unaweza kuwekwa popote, na umewekwa: hoteli za Madinat Jumeirah zimejaa minara mipya ya upepo isiyopitisha upepo.

Sisemi mtu alazimishwe kulala mwezi Agosti bila kiyoyozi katika mji ambao joto hupita nyuzi 40 na unyevu wa bahari juu yake. Familia ingeweza kutumia vyote viwili, mnara kwa miezi inayofaa na umeme kwa miezi isiyovumilika. Ninachokilalamikia ni kwamba mji uliozungukwa na jangwa, unaotumia umeme mwingi mno kujipoza, ulikuwa na mtaa mmoja mkongwe ambamo ungeweza kujifunza upya namna ya kukaa na joto. Mtaa huo umejaa maduka ya ukumbusho.

Nne: wakati Al Fahidi ilipokuwa inapakwa jasi, Satwa ilikuwa inabomolewa

Wasifiaji huzungumza kana kwamba Dubai ina mtaa mmoja wa zamani na umeuhifadhi. Kilomita chache kutoka horini kuna Satwa. Humo kulikuwa na nyumba za shabiya, nyumba za chini zenye ua ambazo serikali iliwajengea raia wake miongo ya mwanzo ya mafuta. Wenyewe walipohamia kwingine, nyumba zikapangishwa kwa Wahindi, Wapakistani, Waajemi, Wafilipino. Pakawa na mafundi cherehani, maduka ya rangi na vioo, mikahawa ya bei ya mtu wa mshahara, miti iliyopandwa na wapangaji mbele ya milango. Ulikuwa mtaa ambamo mtu aliweza kutembea kwa miguu na kukutana na jirani anayemjua kwa jina.

Mwaka 2008 ulitangazwa mradi wa Jumeirah Garden City, wa mabilioni ya dola, uliotaka sehemu kubwa ya Satwa iondoke. Nyumba ziliandikwa namba, watu wakatakiwa kuhama, mabuldoza yakaingia. Baadaye mwaka huohuo msukosuko wa fedha ukaipiga Dubai na mradi ukakwama. Kwa miaka viwanja vilikaa wazi, mchanga na kifusi, pale palipokuwa na watu. Yasser Elsheshtawy, mtaalamu wa miji aliyefundisha miaka mingi chuo kikuu huko Al Ain, ameandika sana juu ya mitaa ya aina hii, na mwaka 2016 alisimamia banda la Falme za Kiarabu kwenye maonyesho ya usanifu ya Venice lililohusu nyumba hizo za shabiya. Kwa hiyo thamani yake ilikuja kutambuliwa, hadi Ulaya, baada ya nyingi kutoweka.

Mitaa hii miwili inaifunua kanuni iliyofuatwa. Mtaa usio na watu ulistahili fedha za ukarabati. Mtaa wenye watu ulistahili buldoza. Wanaotuambia tuige Dubai waseme wanatutaka tuige lipi kati ya hayo mawili, maana yalifanywa na mji mmoja ndani ya miaka ileile.

Tano: mapato

Hili halihitaji mengi. Al Fahidi ilikarabatiwa na manispaa ya mji tajiri, kwa uamuzi wa mtawala, bila kusubiri kikombe cha kahawa kiuzwe kwanza. Halmashauri ya pwani yetu inayohamisha watu kwa matumaini kwamba utalii utalipia chokaa haiigi Dubai hata kidogo. Inaiga sura yake bila hazina yake. Ulimwengu ukifungwa kama ulivyofungwa mwaka 2020, hoteli hufungwa, na nyumba zisizo na wenyewe hukosa hata wa kufagia maji ya mvua yaliyotuama juu ya dari.

Sita: walioshika njia nyingine

Wapo watu wa jangwani waliofanya tofauti, na ni jamaa zetu. Shibam iko katika bonde la Hadhramaut, nchi ambayo Washihiri na masharifu wengi wa Lamu, Mombasa, Zanzibar na Ngazija wanaitaja wanapohesabu babu zao. Ndani ya ukuta wake kuna karibu nyumba 500 za matofali ya udongo, nyingine za ghorofa saba, zikiwa zimebanana kwenye kiwanja kidogo. Mji uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1982.

Udongo haumvumilii mwenye nyumba aliyehama. Paa na kuta za juu lazima zisiribwe upya kila baada ya mvua chache, la sivyo maji huingia na ghorofa hushuka moja juu ya nyingine. Familia zilipoanza kuzikimbia nyumba, mradi ulioanza mwaka 2000 kwa ushirikiano wa Yemen na Ujerumani haukuwafukuza waliobaki. Uliwauliza wanahitaji nini. Mwenye nyumba alitoa sehemu ya gharama, mradi ukatoa sehemu, na kazi ikafanywa na mafundi wakuu wa palepale waliopewa vijana wa kuwafundisha. Maji taka yalishughulikiwa pia, kwa sababu mama wa nyumba anayeshusha ndoo ghorofa tano hahitaji hotuba ya urithi, anahitaji bomba. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mafuriko ya 2008 na vita vilivyofuata vimeuumiza mji, na tangu 2015 umo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Vita si hoja dhidi ya njia ile. Watu wamo ndani ya nyumba zao, na wanasiriba.

Saba: kwetu

Watanijibu kwa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa na kupangishwa kwa kodi ndogo, na nyingi zimeanguka zikiwa na watu ndani. Ni kweli, na ni msiba. Lakini tuangalie nani alikuwa mwenye nyumba. Alikuwa serikali, na serikali haikutengeneza; mpangaji hakuwa na hati, hakuwa na mkopo, na pengine hakuruhusiwa kugusa ukuta. Ni hali ileile ya wafanyakazi wa Bastakiya.

Na Beit al-Ajaib? Jumba hilo lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 halikuwa na familia iliyopika uani wala warithi waliogombana. Lilikuwa mali ya serikali na lilifanywa makumbusho, sawasawa na dawa tunayopewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka mchana, na mafundi wawili waliokuwa kazini wakafa. Jumba maarufu kuliko yote katika mji huo halikuokolewa na kukosa wakaazi.

Huku nyumba nyingi zikiwa zimegeuzwa hoteli tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kodi zimepanda na vijana waliozaliwa Shangani wanajenga Fuoni na Kwarara. Wakishaondoka wote, tutakuwa na Al Fahidi yetu, bila fedha za Dubai.

Wanaotaka kweli kuhifadhi waanze na mambo yanayogusika. Mpangaji wa nyumba ya serikali apewe hati ya muda mrefu inayomwezesha kukopa. Hoteli zinazonufaika na sura ya mji zitozwe ada inayonunua chokaa na kuigawa kwa nusu bei kwa nyumba zenye familia. Fundi anayejua kuchoma na kuloweka chokaa, na anayejua kuitandaza dari juu ya boriti, alipwe mshahara akiwa na wanafunzi, kabla hajafa na ujuzi wake. Lamu, ambako marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwakumba hata wakata mikoko, nyumba ndani ya mji wa kale zitengewe mgao wa boriti kutoka misitu inayovunwa kwa utaratibu, na kibali kitolewe ndani ya wiki, si baada ya masika kupita. Na ofisa yeyote atakayependekeza familia ihamishwe ili nyumba ikarabatiwe, atakiwe kuandika kwenye pendekezo hilohilo tarehe ambayo familia hiyo itarudishiwa ufunguo wake.